Somo la Uraia: Wakazi Wakitaka Uuzaji wa Mbwa na Paka Madukani Upigwe Marufuku

Huku Tuala na Kitengela mbwa hulinda boma, huandamana na mifugo malishoni na hubweka fisi anapokaribia usiku. Lakini anayenunua mtoto wa mbwa dukani au kando ya barabara mara nyingi hajui alizaliwa wapi, wala kama mama yake alichanjwa. Hilo si jambo dogo. Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza, na karibu asilimia 99 ya visa vya binadamu duniani hutokana na mbwa. Kenya imelenga kuumaliza ugonjwa huu kufikia mwaka 2030.

Je, wakazi wanaweza kuomba biashara hiyo ikomeshwe katika kaunti yao? Ndiyo.

Kwa nini ni kazi ya kaunti

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, humwadhibu anayemtesa mnyama, lakini haimkatazi mtu kumuuza mbwa dukani. Pengo hilo linaweza kuzibwa na sheria ya kaunti.

Wengine walifanyaje

Mtindo si mmoja. Katika jimbo la California, Marekani, kuanzia Januari 2019 duka halikuruhusiwa kuuza mbwa, paka wala sungura ila wale waliotoka katika makao ya wanyama waliookolewa. Uingereza, tangu Aprili 2020, anayetaka mtoto wa mbwa au paka wa chini ya miezi sita humpata moja kwa moja kwa mfugaji aliyemzalisha au katika makao, si kwa mchuuzi. Ufaransa ilipiga marufuku uuzaji wa mbwa na paka madukani kuanzia Januari 2024.

Kuna hoja ya upande wa pili. Mwenye duka hutegemea biashara hiyo kulisha familia, na marufuku isiyosimamiwa inaweza kuhamishia biashara vichochoroni. Kwa hiyo ombi zuri hueleza pia muda wa mpito, nani atakagua, na mnunuzi atapata mbwa wapi.

Hatua za kufuata

1. Kubalianeni mnataka nini hasa: marufuku kamili, au leseni na cheti cha chanjo kwa kila mnyama anayeuzwa.

2. Kusanyeni ushahidi. Zungumzeni na afisa wa mifugo wa kaunti ndogo na wenye maduka wenyewe.

3. Andikeni ombi kwa Bunge la Kaunti, kupitia kwa karani. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki hiyo, ikiwemo kuomba sheria mpya itungwe. Tumieni lugha ya heshima, semeni mmekwisha kwenda ofisi gani, kisha kila mwombaji aandike jina na kutia sahihi au kidole gumba.

4. Mwoneni mwakilishi wa wadi. Wakazi wa Tuala wako katika Wadi ya Oloosirkon/Sholinke. Mswada huwasilishwa na mwakilishi au kamati, si na mkazi.

5. Hudhurieni vikao vya ushirikishwaji wa umma, ambavyo Kifungu cha 196 cha Katiba kinalidai Bunge kuvifanya. Mswada ukipita, Gavana ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha.

Wakati sheria inasubiriwa

Mnunuzi adai kumwona mama wa mtoto wa mbwa na cheti cha chanjo. Mbwa achanjwe afikapo miezi mitatu, kisha kila mwaka. Anayeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo.