Hati ya Ndoa Ugenini: Somo Juu ya Kuiandika, Kuifasiri na Kuithibitisha

Miongoni mwa mas-ala yanayoulizwa mara kwa mara na familia za Waswahili wakaazi wa Riyadh na Jeddah ni haya: mtu amefunga ndoa yake Unguja, Tanga au Mombasa, kwa walii, mashahidi wawili na mahari. Kisha amekwenda Saudia kutafuta riziki, na anapotaka mkewe amfuate huambiwa kuwa ndoa yake haitambuliki mpaka alete karatasi yenye mihuri. Je, kauli hiyo ni sahihi? Na ikiwa ndoa imeswihi mbele ya Allah Mtukufu, mihuri hiyo ni ya kazi gani?

Jawabu lina pande mbili, na inafaa zisichanganywe. Ama ndoa yenyewe, karatasi si nguzo yake wala si sharti ya kuswihi kwake. Waislamu wa karne za mwanzo walioa na kuoza bila ya hati za serikali, na mke huyo ni mke halali tangu ilipofungwa aqdi. Afisa wa visa hana uwezo wa kuihalalisha ndoa wala kuiharamisha. Ama haki zinazotokana na ndoa, yaani nasaba ya mtoto, matumizi, urithi na mahari yaliyosalia, hizo zinataka ushahidi, na shahidi aliyeko Pemba hawezi kuitwa mbele ya hakimu wa Jeddah kila inapotokea haja. Hapo karatasi husimama pahala pa shahidi. Katika aya ya 282 ya Suratul Baqara Waislamu wameamrishwa kuliandika deni la muda, na mwandishi aliandike kwa uadilifu. Na mahari ambayo hayajalipwa ni deni.

Hati ya kadhi wa Zanzibar, au ya Tanzania Bara chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 (sheria ambayo haitumiki Zanzibar), au ya Kenya chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, huanza safari yake kwa msajili wa huko ilikotoka. Kwa Bara msajili huyo ni RITA; kwa Zanzibar ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2018. Kisha Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo hushuhudia saini ya msajili. Ubalozi wa Saudia ulioko Dar es Salaam au Nairobi hushuhudia saini ya Wizara. Na Wizara ya Mambo ya Nje ya Saudia hushuhudia saini ya ubalozi wake.

Aliyesoma elimu ya hadithi ataufahamu mpango huu upesi, kwani ni isnadi. Kama vile katika Musnad wa Imamu Rabii bin Habib, Rabii hupokea kwa Abu Ubaida, na Abu Ubaida kwa Jabir bin Zaid, kila mmoja akimtaja aliye kabla yake, ndivyo kila mhuri unavyomshuhudia uliotangulia. Kiungo kimoja kikikosekana, hati hurudishwa. Lakini lipo jambo ambalo wengi hawalitambui: mihuri hii inashuhudia saini tu, wala haishuhudii maneno. Hati yenye mihuri minne inaweza kuwa na kosa katika jina la mke, na mihuri yote ikawa sahihi.

Baadhi ya familia njia yao imefupika. Saudia iliingia katika Mkataba wa Hague wa mwaka 1961 mwaka 2022, na mkataba huo ukaanza kutumika kwake tarehe 7 Disemba ya mwaka huo. Kwa mkataba huu mhuri mmoja uitwao apostili hutosha baina ya nchi zilizomo. Oman imo tangu mwaka 2012, kwa hivyo Mswahili wa Muscat aliyeoa Muscat hana haja ya mlolongo mrefu. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa bado hazijaingia hadi mwisho wa mwaka 2023. Mwenye hati ya huko na aulize kwanza kama hali imebadilika, asije akalipia mihuri isiyohitajika au akaacha inayohitajika.

Kwa mkaazi wa Jeddah iko taabu nyingine. Wazee wa Hijazi wanakumbuka kuwa balozi zote zilikuwa Jeddah, pamoja na Wizara ya Mambo ya Nje ya Saudia yenyewe. Katika miaka ya 1980 zilihamia Riyadh. Tangu hapo mwenye haja ya ubalozi wenyewe huikusudia Riyadh, mwendo wa kilomita zinazokaribia 950. Ni vyema akusanye haja zake zote, za hati ya ndoa, za mtoto na za pasi, azimalize kwa safari moja.

Sasa na ije sehemu iliyo nzito zaidi, nayo ni ufasiri. Hati iliyoandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza hufasiriwa kwa Kiarabu na ofisi yenye leseni. Watu wengi huipeleka, wakalipa, wakaichukua na kuiweka ndani ya faili bila ya kuisoma, wakidhani kuwa kazi ya ofisi yenye leseni haiwezi kuwa na ila. Leseni ni ya ofisi. Maneno ni ya mfasiri, naye ni mwanadamu ambaye huenda hajapata kusikia mila za Pwani hata siku moja.

Ichukuliwe mfano ndoa ya Zaid na Hind, majina waliyoyazoea wanavyuoni katika mifano yao. Mahari ni shilingi 2,000,000. Taslimu amepewa Hind shilingi 500,000, na shilingi 1,500,000 zimebaki deni juu ya Zaid. Hati ya asili imelieleza hilo wazi. Kwa Kiarabu, mahari yaliyotangulizwa huitwa kwa neno lenye herufi ya ain, na mahari yaliyoakhirishwa huitwa kwa neno lenye hamza iliyo juu ya wau. Herufi nyengine zote ni moja: mim, jim yenye shadda, na lam. Ulimi wa Mswahili hauitamki ain, kwa hivyo yeye akiyasoma maneno hayo mawili husikika yote “muajjali”. Moja lina maana ya kilicholipwa sasa, na jengine lina maana ya kinachodaiwa. (Anayetaka kuyatenganisha akumbuke neno “ajali” kwa maana yake ya asili, yaani muda uliowekwa: hilo ndilo la hamza.) Mfasiri akikosea herufi hiyo moja, basi Hind amekwisha kulipwa mahari yake yote, naye hana habari.

Zaid akifariki Riyadh na kuacha mtoto na mali ya shilingi 10,000,000, bila ya deni jengine wala wasia, hesabu ya haki ni hii. Deni hutolewa kwanza, nalo ni shilingi 1,500,000 za Hind. Zinabaki shilingi 8,500,000, na thumuni yake ni shilingi 1,062,500. Jumla anayopata Hind ni shilingi 2,562,500. Lakini ikiwa karatasi iliyomo katika faili inasema kuwa mahari yamelipwa yote, hatapata ila thumuni ya milioni 10, yaani shilingi 1,250,000. Zaidi ya nusu ya haki yake imepotea, na waliogawana hawakukusudia kumdhulumu mtu. Kwa hivyo mfasiri na atakiwe aandike “muqaddam” kwa kilicholipwa na “muakhkhar” kwa kilichosalia, maneno ambayo hayafanani hata kidogo, na kila moja lifuatwe na kiasi chake kwa tarakimu na kwa maneno.

Neno jengine lenye hatari ni “mjane”. Katika Kiswahili mjane aweza kuwa mwanamke aliyefiwa na mumewe au aliyeachwa. Katika Kiarabu aliyefiwa ni “armala” na aliyeachwa ni “mutallaqa”. Eda ya aliyefiwa ni miezi minne na siku kumi, na ya aliyeachwa ina hesabu nyengine; na afisa anayesoma “armala” ataidai hati ya kifo ya mtu ambaye bado anatembea Darajani. Mke aliyewahi kuolewa amuonyeshe mfasiri hati ya talaka au ya kifo ili neno liwekwe pahala pake.

Katika majina, kinachodhuru ni elimu ya mfasiri wala si ujinga wake. Akimuona “Fatuma” humuandika Faatima, kwa kuwa anajua asili ya jina hilo. “Hamisi” humrudisha kuwa Khamis, na “Bakari” kuwa Abubakar. Huko ni kuyasahihisha majina, na anayeyasahihisha amemgeuza mtu kuwa mwengine. Kipimo si kamusi bali ni pasi kwa herufi za Kilatini, na visa au iqama kwa herufi za Kiarabu, hata kama zimeandikwa kwa namna isiyopendeza. “Salum” wa pasi akiwa “Salim” katika hati ya ndoa, mtoto atakayezaliwa Jeddah atatafutiwa baba kati ya watu wawili. Na tarehe nayo iachwe kama ilivyo katika hati ya asili. Mwezi ulioandama Zanzibar huenda ukatofautiana kwa siku na kalenda ya Ummul Qura inayofuatwa Saudia, kwa hivyo mfasiri asijitungie tarehe ya Hijria ambayo haikuwamo.

Wanaooana huko huko Saudia safari ya hati yao ni ya kinyume: aqdi huthibitishwa na mamlaka ya Saudia, ikapigwa mhuri na Wizara ya Mambo ya Nje ya huko, kisha ikapelekwa kwa ubalozi wao na kusajiliwa kwao. Ikiwa mmoja wao ni raia wa Saudia, hutakiwa kwanza idhini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Ilipoonekana mwaka 2019 kuwa wageni wa kitalii wameruhusiwa kukodi chumba cha hoteli bila ya kuonyesha hati ya ndoa, baadhi ya watu walidhani kuwa hati imekwisha kazi yake. Ruhusa hiyo ni ya hoteli. Hospitali na Idara ya Ahwal Madaniyya inayoandikisha vizazi hazikuingia humo.

Walio katika dhiki kubwa zaidi ni waliofungishwa ndoa chumbani na sheikh au ndugu, kwa maneno matupu, wakiogopa gharama au mwajiri. Mashahidi wakirudi kwao, au mume akihamishwa, mama hubaki na mtoto asiyeandikishwa. Asiyeandikishwa hapati pasi, na asiye na pasi hawezi kusafiri na mama yake. Wako akina mama wa Afrika Mashariki waliokaa Saudia kwa miaka kwa sababu hiyo. Mlango wao haujafungwa. Sheria ya Ahwal Shakhsiyya ya Saudia, iliyoanza kutumika Juni 2022, inawataka mume na mke waiandikishe ndoa yao, na inamruhusu mmoja wao, au mwenye maslahi mwengine, kuomba mahakamani ithibitishwe ndoa ambayo haikuandikishwa. Mahakama itataka mashahidi. Basi asisubiri mpaka mtoto azaliwe. Aombe wakati walii na mashahidi wangali wanapatikana, na mume angali anakiri.

Hati ikishakamilika, mume asiwe peke yake mwenye kuiweka. Hind awe na nakala yake iliyothibitishwa, na nyengine ibaki kwa walii wake Unguja, pamoja na ufasiri wake wa Kiarabu na karatasi ndogo iliyoandikwa kwa Kiswahili kiasi cha mahari yaliyosalia.