Ctrl+C Ikikataa: Kagua Orodha ya Malipo Kabla ya Kutuma

Wateja wetu wengi wa Malindi, Watamu na Kilifi wanaolipa watu wengi kwa mpigo huandaa orodha yao kwenye Excel kwanza. Yuko mhazini wa chama, yuko mwenye nyumba za wageni anayelipa vibarua wa wiki, yuko mnunuzi wa samaki anayelipa wavuvi jioni. Kazi yenyewe ni jina, nambari ya simu na kiasi, na huenda mbio ukitumia njia za mkato za kibodi: Ctrl+C kunakili, Ctrl+V kubandika.

Siku Ctrl+C ikikataa, wengi huona ni usumbufu mdogo tu. Kumbe hapo ndipo pesa inaweza kwenda kwa mtu asiyestahili.

Hatari iko wapi?

Kompyuta hukumbuka kitu cha mwisho ulichonakili. Ukibonyeza Ctrl+C na isishike, hakuna kengele italia wala ujumbe utatokea. Ukienda kubandika, itakuwekea kile cha zamani, nawe utaendelea na kazi bila kujua.

Tuseme mhazini wa kikundi analipa wanachama 40, Sh1,500 kila mmoja. Nambari anazitoa kwenye faili la wanachama, moja baada ya nyingine. Kwa mtu wa 23, Ctrl+C haikushika, kwa hivyo nambari ya mtu wa 22 ikaingia mara ya pili. Anaangalia jumla: Sh60,000, sawasawa. Anahesabu mistari: 40, sawasawa. Anatuma. Mtu wa 22 amepata Sh3,000, na wa 23 anapiga simu kuuliza yake iko wapi.

Jumla haiwezi kukuonyesha kosa hili. Kiasi hakikubadilika, aliyebadilika ni mpokeaji.

Tafuta chanzo hatua kwa hatua

1. Angalia kama uko ndani ya kisanduku. Ukibofya kisanduku mara mbili, alama ya kuandikia huanza kumweka ndani yake. Hapo Ctrl+C hunakili tu maandishi uliyoyachagua. Kama hukuchagua kitu, haitanakili kitu. Bonyeza Esc, kisha bofya kisanduku mara moja tu na ujaribu tena. Ikishika, utaona mistari midogo ikizunguka ukingo wa kisanduku. Usipoiona mistari hiyo, usibandike.

2. Jaribu nje ya Excel. Fungua Notepad, andika neno moja, lichague, kisha linakili na kulibandika. Ikikataa huko pia, shida iko kwenye kibodi, si kwenye Excel. Jaribu kitufe cha Ctrl cha upande wa kulia. Kikikubali, basi cha kushoto ndicho kimechoka.

Huku kwetu Pwani jambo hili halishangazi. Upepo wa bahari hubeba chumvi na mchanga mwembamba, na vyote huingia chini ya vitufe. Zima kompyuta, iinamishe, upanguse kwa brashi laini na kavu. Usinyunyize maji. Ukiwa na kazi ya haraka, chomeka kibodi ya nje ya USB, au ufungue kibodi ya kwenye skrini kwa kubonyeza Windows+Ctrl+O.

3. Notepad imekubali lakini Excel inakataa? Sevu kazi yako, kisha ufungue faili jipya tupu. Ctrl+C ikifanya kazi humo, angalia faili lako la zamani. Huenda lina makro, yaani amri alizoziweka aliyelitengeneza, na makro inaweza kuichukua njia ya mkato kwa kazi yake muda wote faili likiwa wazi. Muulize aliyekupa faili, au uhamishie orodha yako kwenye faili jipya.

4. Hata faili jipya linakataa? Funga Excel yote. Shikilia Ctrl huku ukiifungua, na Excel itakuuliza kama unataka kuifungua katika hali salama. Kubali. Humo programu za nyongeza hazipakiwi. Njia ya mkato ikirudi, basi mojawapo ya nyongeza ndiyo inayoizuia. Zizime zote, kisha uziwashe moja moja hadi uipate.

Njia nyingine za mkato zinazosumbua

- F2 au F4 inabadilisha sauti au mwanga wa skrini: bonyeza Fn pamoja na Esc. Kwenye laptopu nyingi hiyo hurudisha vitufe vya F kwenye kazi yake.
- Mishale inasogeza ukurasa mzima badala ya kuhama kisanduku: Scroll Lock imewaka. Ibonyeze izimike. Kama kibodi yako haina kitufe hicho, kitafute kwenye kibodi ya skrini.
- Ctrl+; haiweki tarehe ya leo: huenda lugha ya kibodi imebadilika. Bonyeza Windows+Space urudi kwenye ile uliyoizoea.

Kagua kabla ya kutuma

Hata kama umeshatengeneza kibodi, nambari zilizoingia vibaya bado zimo kwenye orodha. Fanya hivi:

- Andika nambari zote kwa mtindo mmoja. Ukichanganya zinazoanza na 07 na zinazoanza na 254, nambari moja itaonekana kama mbili tofauti.
- Kama nambari ziko safu ya B, nenda kwenye safu tupu, mstari wa 2, uandike =COUNTIF(B:B,B2), kisha uivute hadi mwisho wa orodha. Panapotokea 2 au zaidi, nambari hiyo imejirudia. Simama hapo uangalie.
- Mpe mwenzako daftari la asili, umsomee jina na tarakimu nne za mwisho za kila nambari. Hii itanasa hata nambari ya mtu ambaye hayumo kabisa kwenye orodha.

Watu 40 huchukua dakika chache tu. Kumfuata mtu aliyekwisha kuitoa pesa kwa wakala ni safari ya siku kadhaa, na huenda urudi mikono mitupu.

Ukishatuma kimakosa

Usingoje kesho. Kwa pesa ya M-PESA iliyotumwa simu kwa simu, sambaza ujumbe wa uthibitisho kwenda 456 kuomba irudishwe. Kwa malipo ya orodha, piga simu kwa huduma kwa wateja mara moja ukiwa na nambari ya muamala. Kadiri unavyochelewa, ndivyo pesa inavyoweza kutolewa.

Jambo la mwisho: kutengeneza njia ya mkato hakuhitaji PIN yako. Mtu akikupigia akidai atakurekebishia kompyuta kutoka mbali, akakutaka uweke programu fulani au umtajie PIN, kata simu. Na ukitumia kompyuta ya saiba, usinakili nenosiri, na usiache orodha ya wateja wako humo. Ifute kabla hujaondoka.