Mopu ya maikrofaiba kwa sakafu ya simiti

Wengi wanaitumia mopu hii kama tambara la zamani: maji ndoo nzima, sabuni nyingi. Hapo umepoteza pesa. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele, ndizo zinazonasa vumbi. Kwa hivyo fagia kwanza, lowesha mopu, kamua sana, ndipo upanguse ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Maji kidogo yatosha, na nyanya hatateleza. (Mwenye sakafu ya udongo asinunue, haimfai.) Ya choo isiingie jikoni kamwe, mtoto anatambaa hapo! Ukimaliza ifue peke yake kwa sabuni kidogo, uianike. Usitie dawa ya kulainisha nguo, nyuzi zitaziba. Klorini nayo huzila, ukabaki na mpini tu.