Kabla Hujaizamisha Kompyuta Kwenye Mafuta

Mdogo wangu, umeniandikia kwamba feni za kompyuta yako ya gemu zinakupigia kelele usiku, kwa hiyo unataka kuitumbukiza yote kwenye tangi la samaki lililojaa mafuta. Unauliza kama itaungua. Haitaungua kwa shoti: mafuta safi ya madini hayapitishi umeme, na transfoma nyingi za kwenye nguzo zimejaa mafuta ya aina hiyo. Linalonitia wasiwasi ni jingine: joto litatoka nje kupitia wapi?

Ndani ya tangi huhitaji pampu. Mafuta yanayogusa prosesa hupata moto, hutanuka, huwa mepesi na kupanda; yaliyopoa hushuka kushika nafasi yake. Isimamishe bodi wima, uiachie nafasi chini na juu. Mafuta ni mazito kuliko hewa, hupita kwa shida kwenye mapezi ya kupozea prosesa yaliyosongamana.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi hudanganyika. Kompyuta ya wati 300 itahitaji zaidi ya saa nzima kupandisha lita 40 za mafuta kutoka nyuzi 30 hadi 50. Saa hiyo ya kwanza utafurahi, utaita na marafiki waje kuona. Lakini joto bado limo humo. Mita moja ya mraba ya ukuta wa tangi humwaga kama wati 10 tu kwa kila nyuzi inayozidi ya chumbani, na tangi lako halifiki mita hiyo. Mafuta yatazidi chumba kwa nyuzi 30 na ushee, na chumba cha Dar mwezi Februari tayari kina 30!

Itazame transfoma: ubavuni ina mapezi au mirija, ili mafuta yapate ukuta mwingi wa kupoea. Nawe tafuta tangi la alumini lenye mapezi, au funga rejeta na pampu ndogo.

Mafuta ya kupikia usiyaguse, yatachacha. Ya transfoma kuukuu ndiyo kabisa, nakusihi, baadhi yana sumu ya PCB. Diski ya sahani zinazozunguka nayo ibaki nje. Waya nao hunyonya mafuta hadi mezani, na plastiki yake hukakamaa.

Kama shida yako ni kelele tu, nunua feni pana inayozunguka polepole, ulale.