Maana ya "Ndani" katika Ulinzi wa Seva ya Idara

Idara ya Kiswahili inayohifadhi rekodi za fasihi simulizi katika seva yake hubeba amana ya watu. Fanani aliyekubali kurekodiwa kwa ajili ya utafiti hakuikubali hadhira ya ulimwengu mzima. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imelifanya suala hili kuwa la kisheria pia.

Mnamo 1996, mwongozo uitwao RFC 1918 ulitenga mafungu matatu ya anwani kwa mitandao ya ndani: zinazoanza kwa 10, za 172.16 hadi 172.31, na za 192.168. Anwani hizi hazisafirishwi kwenye intaneti. Ndiyo maana wengi hudhani kuwa seva iliyopewa mojawapo tayari imefungwa. Dhana hii ina kasoro. Ruta ikielekezwa kupitisha maombi ya nje hadi kwa seva, faragha hiyo hutoweka. Aidha, seva iyo hiyo huweza kuwa na anwani ya IPv6 inayofikika kutoka nje bila msimamizi kutambua.

Hivyo basi, programu ya seva haina budi kuelezwa isikilize wapi. Ikiandikiwa 0.0.0.0, husikiliza kila anwani ya IPv4 ya tarakilishi hiyo, ikiandikiwa 192.168.1.10, husikiliza hiyo pekee. Ikiandikiwa 127.0.0.1, hata tarakilishi ya meza ya pili haiifikii. Hatua hii huondoa tatizo la IPv6, lakini haizuii maombi yanayopitishwa na ruta. Hayo huhitaji bawabu, yaani programu inayochuja maombi kulingana na yanakotoka: 192.168.1.0/24, ambalo ni fungu la anwani 256, liruhusiwe, mengine yakataliwe. Katika iptables ya Linux, kanuni husomwa kutoka juu, na ya kwanza inayoafiki hutekelezwa. Katazo la jumla likitangulia, wenyeji nao hufungiwa nje, akiwemo msimamizi aliyeliandika akiwa nyumbani!

Swali gumu zaidi ni nani aliye ndani. Katika nyumba ya mawe ya Lamu, mgeni hupokewa barazani bila kuingizwa vyumba vya ndani. Wi-Fi ya wageni ikitumia fungu lile lile la anwani, bawabu hawezi kumtofautisha mpita njia na mhadhiri. Wageni watengewe fungu lao, na nywila ibaki hata kwa wenyeji. Kisha jaribio lifanywe kwa simu iliyozimwa Wi-Fi: ukurasa wa seva ukifunguka, kazi haijaisha.