SOMO LA SABA: Siku za Mwisho za Mapumziko. Haki na Tahadhari za Mlaji Anayesafiri Peke Yake

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza kuuliza maswali yanayostahili kabla ya kulipia huduma za mapumziko, kutambua madai ya uongo juu ya afya na urembo, kulinda nauli ya kurudia nyumbani, na kujua mahali pa kupeleka malalamiko yake.

Mfano wa somo

Tuchukue mfano wa mwalimu mstaafu wa Nambis, wilayani Mbulu, mkoani Manyara. Maisha yake yote ameyapitisha katika baridi ya nyanda za juu, miongoni mwa mashamba ya mahindi na vitunguu swaumu. Baada ya kustaafu aliazimia kuiona bahari. Hakuwa na mwenza wa safari. Alikwenda peke yake hadi Jambiani, kijiji cha pwani ya kusini mashariki ya Unguja, akapanga chumba katika nyumba ndogo ya wageni.

Siku tatu za kwanza alitembea ufukweni maji yakipwa, akawatazama kina mama wakishughulikia mashamba ya mwani, akala samaki na kulala mapema. Zikabaki siku mbili. Ndipo alipoanza kusikia wito kutoka kila upande: kukandwa mwili, kujifukiza, kusinga, mafuta ya kuondoa madoa, dawa ya mitishamba ya kumaliza shinikizo la damu. Mwalimu huyu anatumia vidonge vya shinikizo la damu kila siku.

Kwa nini siku za mwisho ni za hatari zaidi

Siku za mwanzo msafiri huhesabu kila shilingi. Siku za mwisho moyo umelegea, naye hujiambia kwamba hatarudi tena, basi asijinyime. Muuzaji mjanja anaijua hali hiyo, na pia anajua kuwa mteja anayeondoka kesho hana muda wa kurudi kulalamika. Aliye peke yake ana upungufu mwingine: hana wa kumshika mkono na kumwambia, "Ngoja kwanza, tuulize." Wala hana shahidi wa maneno yaliyosemwa kabla ya malipo.

Hayo hayamaanishi kwamba huduma hizi ni mbaya. Unguja ina historia ndefu ya kuutunza mwili. Hamamu ya Kidichi ilijengwa mwaka 1850 katika enzi ya Sayyid Said, na ile ya Hamamni, katika Mji Mkongwe, ilijengwa wakati wa Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Singo na liwa ni mapambo ya maharusi tangu kale. Mlaji ana haki ya kuyafurahia. Linalotakiwa ni kwamba ajue anachonunua.

Bei kamili kabla ya huduma

Kibao cha ufukweni kilisema: "Kukandwa saa moja, shilingi 45,000." Mwalimu aliuliza swali moja tu: "Je, hiyo ndiyo jumla nitakayolipa?" Akajibiwa kwamba mafuta ni shilingi 10,000 zaidi, na taulo shilingi 5,000. Jumla ikawa 60,000.

Alitoa daftari lake akapiga hesabu ifuatayo:

Fedha iliyobaki: shilingi 210,000.
Nauli na chakula cha njiani hadi Nambis: shilingi 120,000.
Akiba ya dharura: shilingi 30,000.
Fedha ya starehe: shilingi 60,000.

Alisema atatumia kanga yake badala ya taulo, akakubaliana nao kwa shilingi 55,000. Walipomshawishi aongeze kikao cha pili "kwa nusu bei," yaani shilingi 22,500, alikataa. Bei ilikuwa nafuu kweli, lakini fedha hiyo ingetoka katika nauli. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

(Viwango hivi ni vya mfano, bei halisi hutofautiana.)

Mlaji azingatie mambo matatu. Kwanza, aombe bei ya jumla, ikiwezekana kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu. Pili, akumbuke kwamba kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotolewa mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei au kumlazimisha mtu kulipa kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa. Akitajiwa dola, aombe bei ya shilingi. Tatu, adai risiti ya kielektroniki. Risiti ndiyo shahidi wa asiye na shahidi.

Ngozi na dawa: usijaribu jipya siku ya mwisho

Mafuta au sabuni mpya hujaribiwa kwanza kwa kupaka kidogo upande wa ndani wa mkono na kusubiri saa 24 au zaidi. Anayeijaribu usiku wa kuamkia safari hana saa hizo. Iwapo ngozi itawaka, itawaka akiwa njiani, mbali na kituo cha afya. Vilevile, maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na kupigwa na jua kali yanaweza kuunguza na kutoa malengelenge. Anayesingwa kwa mchanganyiko wenye ndimu aoge vizuri kabla ya kutoka juani.

Krimu za "kuondoa madoa" zahitaji tahadhari kubwa zaidi. Zipo zenye zebaki au haidrokwinoni, viambato vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu, na huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kipodozi kisicho na lebo, kisichotaja viambato, mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi, kisinunuliwe.

Ama kuhusu dawa, mwalimu aliambiwa kwamba chupa moja ya mitishamba itamwezesha kuacha vidonge vyake. Alijibu kwa upole: "Nitamwuliza kwanza daktari wangu." Hilo ndilo jibu sahihi. Kuacha ghafla dawa ya shinikizo la damu kunaweza kuleta kiharusi. Tiba asili inatambuliwa na sheria, na Bara na Zanzibar kila upande una baraza lake la kusajili waganga. Mlaji ana haki ya kuomba kuona cheti cha usajili. Anayekataa kukionyesha amekwisha kujibu.

Kabla ya kukandwa au kujifukiza, mlaji amweleze mhudumu hali yake ya afya. Mjamzito, mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, mwenye kisukari kilichopunguza hisia za miguu, aliyevunjika mfupa hivi karibuni, au mwenye uvimbe na maumivu ya ghafla kwenye mguu mmoja apate kwanza ushauri wa mtaalamu wa afya. Damu iliyoganda mguuni haikandwi, hupelekwa hospitali.

Mpango wa kurudi

Mapumziko yanahesabika yamekwisha msafiri akifika mlangoni kwake. Safari ya mwalimu ina vipande vitatu: boti ya takriban saa mbili kutoka Unguja hadi Dar es Salaam, treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, kisha basi kupitia Kondoa na Babati hadi Mbulu. Kipande kimoja kikichelewa, vinavyofuata huharibika. Kwa hiyo:

1. Atazame utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania siku mbili kabla. Upepo mkali unaweza kuzuia boti.
2. Asiunganishe safari kwa muda wa kubana. Aache nafasi ya usiku mmoja Dar es Salaam.
3. Anunue tiketi katika ofisi au mfumo rasmi wa kampuni, si kwa mtu wa bandarini au wa stendi.
4. Agawanye fedha: nauli sehemu moja, matumizi sehemu nyingine.
5. Amjulishe ndugu au jirani saa ya kuondoka na chombo atakachopanda.

Ukidhulumiwa

Zungumza kwanza na meneja, kwa utulivu, ukionyesha risiti. Usiporidhika, andika tarehe, mahali, kilichoahidiwa, kilichotolewa na kiasi ulicholipa. Piga picha ya kibao cha bei. Andika siku hiyo hiyo, kwa kuwa kumbukumbu huchakaa.

Kwa jambo lililotokea Zanzibar, peleka lalamiko Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, inayosimamia Sheria Na. 5 ya mwaka 2018. Kwa Tanzania Bara, nenda Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 2003. Vipodozi vinavyotiliwa shaka huripotiwa kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, au kwa Shirika la Viwango Tanzania kwa upande wa Bara. Malalamiko ya mabasi yapelekwe LATRA. Kurudi Nambis hakufuti haki yako. Lalamiko laweza kuandikwa ukiwa nyumbani, maadamu ushahidi umeuhifadhi.

Haki hizi hazikuanza jana. Umoja wa Mataifa ulipitisha Miongozo ya Kumlinda Mlaji mwaka 1985, na kila tarehe 15 Machi dunia huadhimisha Siku ya Haki za Mlaji. Miongoni mwa haki hizo ni usalama, taarifa sahihi, uhuru wa kuchagua na kusikilizwa.

Hitimisho

Mwalimu wetu alikandwa saa moja, akajilaza chini ya mnazi, na kwa shilingi 5,000 zilizobaki katika fungu la starehe akanunua dafu. Alivimeza vidonge vyake kwa wakati, akapanda boti ya asubuhi na nauli yake yote mkononi. Starehe yake haikupungua kwa sababu aliuliza. Kuuliza si ujinga.

Maswali ya kujipima

1. Taja mambo mawili yanayomfanya msafiri wa peke yake kuwa rahisi kudanganywa katika siku za mwisho.
2. Kwa nini mwalimu alikataa kikao cha pili ingawa bei yake ilikuwa nusu?
3. Jirani yako ameletewa krimu isiyo na lebo kama zawadi ya safari. Utamshauri nini?
4. Andika hesabu yako ya siku mbili za mwisho za safari, ukianza na nauli ya kurudi.