Maji Machafu ya Kiwanda: Ushahidi Kwanza, Fidia Baadaye

Malalamiko kuhusu Mto Sosiani, hapa Eldoret, hufika katika ofisi hii yakiwa yamechelewa. Mkulima wa sukuma wiki kule Huruma huona maji yamegeuka rangi Jumatatu, hulalamika kwa majirani Jumatano, na wiki inayofuata huja na hasira tele bila karatasi hata moja. Maji yenyewe yako njiani kuelekea Mto Nzoia.

Sheria inamlinda kuliko anavyodhani. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa haki ya mazingira safi, na Ibara ya 70 inamruhusu kwenda kortini kuzuia uchafuzi hata kabla hajaumia. Lakini anayedai pesa lazima aonyeshe madhara, na aonyeshe yalikotoka.

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walilijua hilo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia sumu ya madini ya risasi. Wakiwa na mwanaharakati Phyllis Omido, walipimwa damu, na majibu ya maabara yakawa silaha yao. Kiwanda kilifungwa 2014, kesi ikafunguliwa 2016, na 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliiondoa 2023. Mahakama ya Juu ikairejesha tarehe 6 Desemba 2024. NEMA yenyewe, mamlaka ya taifa ya mazingira iliyopaswa kukisimamia kiwanda, ilibebeshwa sehemu ya lawama. Kwa hiyo mwenye kiwanda asimtishe mtu kwa leseni iliyotundikwa ukutani.

Basi mlalamishi afanye nini? Siku ileile, apige picha zinazoonyesha tarehe na bomba linalomwaga. Siku ileile, amwite afisa wa NEMA wa kaunti au afisa wa afya ya umma achukue sampuli. Maji yaliyochotwa kwa chupa ya soda na kukaa chini ya kitanda siku tatu hayafai: wakili wa kiwanda atauliza nani aliyachota, lini, na chupa ilikuwa na nini awali. Mgonjwa aende hospitali na kumweleza daktari anaishi karibu na nini, kisha atunze risiti na majibu. Mwenye ng'ombe aliyekufa amwite daktari wa mifugo kabla ya kuzika. Inarudiwa: kabla ya kuzika.

Wala asitie sahihi karatasi ya meneja anayegawa "pole" ya elfu chache, kabla wakili hajaisoma.

Madai ya kawaida ya madhara yana miaka 3; dhidi ya serikali, miezi 12 tu. Kesi za kikatiba zina hesabu yake, na masharti mengine yamo katika sheria ya mazingira, EMCA, ya 1999; wakili atayachambua. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo hapa hapa Eldoret, na nauli ya Nairobi haihitajiki.